Mlingoti unabisha hodi usiku kucha: tusake sauti moja moja

#1 MwanaDau

Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane kutegua hiki kitendawili.

Chombo ni boti ya matanga ya futi 34. Mlingoti ni wa alumini, mita 13, umekaa juu ya sitaha, haupenyi kwenda chini mpaka kwenye mkuku (uti wa chini wa boti). Una jozi moja ya mikono katikati (vyuma vinavyotokeza pembeni kutanua ayari). Henza (kamba za kupandishia matanga) ziko nne, zote zinapita ndani ya mlingoti. Ayari, zinazoushikilia mlingoti usimame, ni waya za 1x19 (nyuzi 19 nene zilizosokotwa pamoja), unene mm 7. Ndani ya mlingoti kuna pia waya ya taa ya kileleni, waya ya taa ya katikati na ya sitaha, na kebo ya redio ya VHF aina ya RG-213.

Boti iko nanga ndani ya hori la Kilifi. Sauti ziko mbili:

Ya kwanza ni "tok… tok…", kavu, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Inakuja usiku upepo ukishalala, saa 4 mpaka saa 9 hivi. Kwenye kitanda cha omo, yaani mbele, inasikika kama iko kichwani pako. Ukitoka nje kwenda sitahani inapotea, ukirudi ndani inaanza tena.

Ya pili si mlio hasa, ni mtetemo. Boti nzima inatikisika hadi vikombe vinalia kabatini. Inakaa dakika 20 au 40, kisha inakatika yenyewe.

Ushauri uliotolewa bandarini ni kubadilisha henza zote nne. Bei yake si mchezo, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa nataka kujua mgonjwa ni nani.

#2 Kapi_na_Roda

Mkuu, usinunue hata pini. Henza mpya iliyolegea inagonga sawasawa na henza kuukuu iliyolegea.

Kabla ya kuuliza kinacholia ni kitu gani, uliza kinasukumwa na nini. Sauti ya mlingoti ina wasukumaji wachache tu. Kuna mrama, boti inapolala huku na kule. Kuna upepo wenyewe, hata boti ikiwa imetulia tuli. Kuna mzigo wa tanga, yaani sauti inayotoka ukiwa safarini tu na nangani huisikii. Na kuna kishindo cha wimbi. Kaa na saa usiku mmoja, uandike: upepo noti ngapi, unatoka upande gani wa boti, maji yanajaa au yanapwa, na hiyo "tok" inakuja mara ngapi katika mrama mmoja kamili wa kwenda na kurudi.

Ikija mara mbili kwa kila mrama, moja kila upande, hicho ni kitu kinachoning'inia kati ya kuta mbili. Ikija mara moja tu, ni kitu kilichoegemea upande mmoja na kuna nafasi upande wa pili, kama pini iliyolika au bawaba ya bumu (boriti ya chini ya tanga).

Kisha fanya jaribio la henza, linachukua robo saa. Toa henza zote kwenye mlingoti: mbili zifunge kwenye reli ya omo, mbili kwenye reli za ubavuni, kila moja ivutwe mbali na mlingoti kadiri inavyofika. Kaza kwa winchi kwa mkono mmoja tu, usikamue. Funga na bumu upande mmoja kwa kamba ili isitembee. Halafu lala. "Tok" ikiendelea, henza hazina kesi.

#3 BiMkuku

Naongeza kwa nini inapotea ukitoka nje. Katika alumini sauti husafiri karibu mita 5,000 kwa sekunde, hewani ni kama 340 tu. Kitu kikigonga mita 6 juu, ule mshtuko unafika kitako cha mlingoti kabla hata hujapepesa jicho. Mlingoti wako umekalia sitaha, na sitaha ndiyo dari ya chumba. Hapo umelala ndani ya ngoma, na mlingoti ndiyo kipigio chake. Nje hakuna ngozi ya ngoma, kuna hewa na maji yanayopiga ubavu.

Kwa hiyo usisake kwa masikio matupu. Weka kiganja kwenye mlingoti: mgongano wa kitu kinachogonga ndani unausikia kwenye ngozi kabla ya kuusikia sikioni. Ukitaka kujua uko kimo gani, chukua mpini wa fagio, ncha moja kwenye mlingoti, nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Pima kila nusu mita kutoka sitahani kwenda juu mpaka mkono unapofika. Stetoskopu ya fundi magari inafanya kazi nzuri zaidi, ila mpini wa fagio unatosha.

Angalizo: pale panapolia zaidi si lazima pawe penye kosa. Waya iliyolegea katikati inapiga ukuta pale tumbo lake linapofika, wakati kilichoachia ni kishikio cha kileleni.

#4 Spana17

Mnazunguka sana. Nunua povu la kupuliza lile la mafundi milango, makopo matatu, toboa tundu, jaza mlingoti kuanzia chini. Kimya milele.

#5 Kapi_na_Roda

@Spana17 hapana, kaka, na atakayesoma uzi huu mwakani asije akafanya hivyo.

Kwanza, henza zinapita humo humo. Povu likishika henza moja, tanga halipandi, na kama liko juu halishuki. Pili, maji ya mvua huingia kileleni kupitia nafasi za roda (vigurudumu vinavyopitisha henza) na lazima yatoke kwenye tundu la chini. Povu linayazuia, linanyonya chumvi, na alumini inaanza kuota unga mweupe upande wa ndani ambako huoni. Tatu, waya ikikatika ndani ya povu, huivuti tena. Mlingoti uliojazwa povu hukwanguliwa kwa fimbo ya chuma siku nzima, na bado haliishi.

#6 MwanaDau

Shukrani wakuu. Usiku wa jana: noti 4 hadi 6, maji yanapwa, mrama mdogo wa kama sekunde 4. Henza zote nne zilitolewa kwenye mlingoti na kukazwa, bumu limefungwa.

"Tok" bado iko. Mara mbili kwa kila mrama. Kiganjani inasikika wazi. Kwa mpini wa fagio, kali zaidi ni kati ya mita 1.5 na mita 2.5 kutoka sitahani, juu ya hapo mkono haufiki.

Mtetemo haukuwepo kabisa.

#7 Kapi_na_Roda

Henza hazina kesi tena. Sasa mshukiwa mkuu ni waya za umeme.

Jaribio la mwisho: waya zako zinatokea wapi? Kwa kawaida ni tundu karibu na kitako, kisha zinaingia sitahani. Usiku sauti ikiwa imeshika kasi, mtu mmoja avute fungu lote la waya taratibu kwenda chini, kama sentimita 5 hadi 10, alishike. Mwingine asikilize ndani. Sauti ikibadilika, ikikata au ikahamia juu zaidi, umeshampata. Ukiachia ikirudi vilevile, hakuna haja ya shahidi wa tatu.

Angalia pia kama fungu linavutika kirahisi mno. Waya hazitakiwi kushuka sentimita 20 bila kipingamizi. Zikishuka hivyo, juu hakuna kinachozishika, na uzito wote unaning'inia kwenye viungo vya taa. RG-213 peke yake ni karibu gramu 150 kwa mita, kwa hiyo kwa mita 13 una kilo 2 zinazoning'inia kwenye plagi ya antena. Redio inayopoteza masafa kidogo kidogo mara nyingi chanzo chake ni hicho.

#8 BiMkuku

Nimwache fundi na waya, mimi nishughulike na mtetemo, maana huo ndio unaovunja vitu.

Upepo ukipita kwenye kitu cha mviringo, nyuma yake hujifunga visulisuli vidogo, kimoja kulia kimoja kushoto, kwa zamu. Kila kisulisuli kinavuta kidogo upande wake. Mcheki Vincenc Strouhal alipima mlio wa waya upeponi mwaka 1878, na kanuni yake ni rahisi: zidisha kasi ya upepo kwa 0.2, gawanya kwa upana wa kitu.

Ayari ya mm 7 katika upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambazo ni noti 15 au 16: 0.2 × 8 ÷ 0.007, unapata karibu mitikisiko 230 kwa sekunde. Huo ni mvumo wa sikio. Unaudhi lakini hauna madhara.

Mlingoti ukipigwa ubavuni, upana unaoukabili upepo ni ule wa mbele kwenda nyuma, tuseme mm 160. Hesabu ile ile inatoa kama 10 kwa sekunde. Huwezi kuisikia, unaihisi miguuni. Na mlingoti nao, kama uzi wa gambusi, una mitikisiko yake ya asili kati ya vishikizo. Siku ile mitikisiko ya upepo inapolingana na ya mlingoti, unaanza kupiga mbele na nyuma, na ukishaanza unajilisha wenyewe.

Sasa swali kwa @MwanaDau: mtetemo ulipokuja, je, mkondo ulikuwa umeishika boti na kusi ikiipiga ubavuni?

#9 MwanaDau

Ndiyo, dada. Nimerudi kwenye daftari. Mara zote tatu ilikuwa bamvua (maji yakijaa na kupwa kwa nguvu), noti 14 hadi 17, upepo wa ubavuni. Maji yalipobadilika na boti ikageuza omo kuelekea upepo, mtetemo ukakatika.

#10 BiMkuku

Basi ndiyo hiyo. Maji mafu mkondo ni dhaifu, boti inautazama upepo, mtetemo hauji. Bamvua, mkondo unaukamata mkuku na upepo unakamata ubavu.

Dawa, kuanzia ya bure:

Chukua kamba ya mm 12 hadi 14, urefu kama mara moja na nusu ya kimo unachotaka kufunika. Ifunge kwenye henza, ipandishe huku ukiizungusha mlingoti kwa mzunguko mpana, kila mzunguko upande kama nusu mita hadi sentimita 80. Kazi yake ni kuvunja vile visulisuli visijipange kwa urefu wote wa mlingoti. Tazama mabomba marefu ya moshi ya viwandani, yana utepe wa chuma unaozunguka sehemu ya juu kama parafujo. Ni kazi ile ile.

Kama mikono ya mlingoti na ayari zinakuzuia kuzungusha, pandisha kitambaa cha upana wa sm 20 hadi 30 kwenye mfereji wa tanga kubwa, urefu wa mita 4 au 5. Kinapepea ovyo na kinavuruga hewa vizuri.

Ukiwa na ayari ndogo ya mbele inayoshika mlingoti katikati, ikaze. Kishikizo kikiongezeka, mitikisiko ya asili inahama, na ule upepo wa noti 15 hauipati tena.

Usiuvumilie mtetemo kwa kuwa tu umeshajua ni nini. Kila mtikisiko unazungusha nati kidogo. Kagua spliti pini zote za skrubu za kukazia ayari, ziwe zimefunguliwa miguu nyuzi 20 hadi 30. Zisizo na pini huanza kujifungua zenyewe.

#11 Kombo_wa_Jahazi

Nisikilizeni na mie kidogo. Kwenye jahazi mlingoti wa mti ukilia, kwanza hutazamwa kabari pale unapopenya fundo, boriti ya sitahani. Mti hukauka wakati wa kaskazi, hujaa maji wakati wa masika, kabari zinapwaya. Zinagongwa upya, na ile kamba inayokumbatia foromali (boriti inayobeba tanga) na mlingoti inapakwa mafuta. Mlio wa "ngrii" ukiisha, ujue ilikuwa kamba kavu juu ya mti mkavu.

Hizi boti zenu ambazo mlingoti unapenya sitaha mpaka chini zina maradhi hayo hayo.

#12 Kapi_na_Roda

Sawasawa, mzee wangu. Kwa wenye milingoti inayopenya: kabari za mpira mgumu huzeeka na kuwa kama ubao, halafu mlingoti unapiga ukingo wa tundu la sitaha kila wimbi. Sauti yake ni nzito, "dumm", na ukiweka kidole kati ya mlingoti na ukingo unausikia unakuja na kuondoka. Kabari ziwekwe mbele na nyuma kwanza, pembeni zisikamuliwe, na zote zikatwe kimo kimoja. Usijaribu kunyoosha mlingoti uliopinda kwa kabari.

#13 Tezi_na_Omo

Samahani kuingilia. Yangu haigongi nangani. Ni "tak!" moja kali kila tunapogeuza tanga, inatoka juu karibu na mikono. Ni ile ile?

#14 Kapi_na_Roda

Siyo, na yako nisingeiacha mpaka wiki ijayo.

Ukigeuza tanga, ayari zilizokuwa zimekaza zinageuka kuwa za upande wa demani, usiopigwa na upepo, zinalegea. Kama waya zako zimeingia ubavuni mwa mlingoti kwa kichwa cha umbo la T, kile kichwa kinacheza ndani ya tundu lake. Pale huwa pana kizibo cha mpira kinachokishika kisicheze. Jua letu linakila, kinadondoka, hakuna anayekiona. Kichwa kinaanza kupinda na kunyooka kila safari, na ufa huanzia kwenye shingo, pale pembe inapokata.

Panda ukatazame vizibo na shingo. Safisha kwa kitambaa na spiriti, mulika tochi kwa pembeni. Mstari wowote mwembamba wa rangi ya kutu kwenye chuma cha pua ni ufa mpaka utakapothibitisha vinginevyo. Ukikuta ufa, waya ibadilishwe, na mwenzake wa upande wa pili pia.

Halafu upime ukazaji. Legeza hadi mkono tu, weka futi ya kupimia ya mita 2 kwenye waya ya 1x19, ncha ya juu uifunge kwa tepu, ya chini iguse juu ya kichwa cha waya. Kaza. Kila mm 1 ya nafasi inayofunguka ni asilimia 5 ya nguvu ya kukatika ya waya. Ayari kuu kwa boti nyingi za kutembelea ni mm 3, yaani asilimia 15. Kaza kulia mizunguko miwili, kushoto miwili, kwa zamu, vinginevyo utaupinda mlingoti.

#15 Spana17

Kuhusu "tok" ya usiku: mchana alumini inapata moto inarefuka, usiku inapoa inafupika, waya zinalegea. Si ndiyo sababu inalia usiku?

#16 BiMkuku

Wazo zuri, tulipigie hesabu. Mita 13 za alumini kwa tofauti ya nyuzi 30 zinarefuka karibu mm 9. Waya ya chuma cha pua ya urefu huo, karibu mm 6. Tofauti ni kama mm 2.7 kwa urefu wote, ambayo kwa kipimo cha @Kapi_na_Roda cha mita 2 ni mm 0.4, asilimia 2 hivi. Ayari iliyokazwa asilimia 15 haijali. Iliyokazwa asilimia 3 italegea kweli.

Lakini hata hivyo ungesikia mitiko michache jua linapozama, kisha basi. Isingefuata mrama. Usiku inasikika kwa sababu upepo umekufa na boti, badala ya kulaliwa na upepo upande mmoja, inayumba huru. Na kwa sababu jenereta za jirani zimezimwa!

#17 MwanaDau

Jaribio la waya limefanyika. Fungu lilishuka sentimita 18 bila kusumbua. Likishikwa chini, "tok" inakata kabisa. Likiachiwa, mrama wa pili tu inarudi.

Kamba ya kuzungusha nayo imejaribiwa bamvua hii: mm 12, mizunguko 9 kutoka sitahani hadi chini kidogo ya mikono. Noti 16 ubavuni kwa saa nzima. Vikombe kimya.

Naweza kutibu waya bila kushusha mlingoti?

#18 Kapi_na_Roda

Kutibu hapana, kutuliza ndiyo.

Kutuliza: panda kileleni, fungua kifuniko, kamata fungu la waya na ulishike kwa kamba nyembamba ya mm 3 iliyosukwa juu yake kwa sentimita 20, kisha ifunge kwenye pini au fremu ya roda, mbali na henza. Uzito sasa uko kwenye kamba, si kwenye plagi. Chini, vuta mpaka fungu linyooke, lifunge kwa kamba kama hiyo kwenye kipande cha plastiki kinachokingama nje ya tundu. Liwe limenyooka tu. Ukilikaza kama ayari, utakata nyuzi za shaba ndani. Waya iliyonyooka bado itagusa ukuta mrama ukiwa mkubwa, ila haina tumbo la kujirusha.

Juu ya kupanda, maneno mawili. Henza mbili, moja ya kukuvuta na moja ya akiba, kila moja na mtu wake kwenye winchi. Usijifunge kwa kile chuma cha mwisho wa henza, funga kitanzi kisichokaza moja kwa moja kwenye mkanda wako. Winchi ya umeme isiguswe. Kila spana iwe na uzi wake. Na usipande kwa henza ambayo roda yake ndiyo unayoishuku.

#19 Mchana_Mwema

Je, sponji? Nimeona watu wanasukuma vipande vya sponji ya godoro ndani.

#20 Kapi_na_Roda

Sponji ya godoro inanyonya maji, baada ya mwaka ni uji, na vipande vyake vinakwenda kuziba tundu la chini. Mlingoti ukishashushwa njia za maana ni tatu.

Ya kwanza, tai za plastiki. Zile nyeusi za mm 4.8 × 300. Kila nusu mita funga tatu pamoja, vichwa vikiwa vimegawana duara sawasawa, na mikia usiikate. Mikia hiyo inasukuma ukuta kama miguu ya buibui na kuliweka fungu katikati. Mlingoti wa mita 13 unataka vituo 26, tai 78, nunua pakiti ya 100. Makosa yanayorudiwa: kutumia zile nyembamba za mm 2.5 ambazo hazina nguvu ya kusukuma, kufunga vichwa vyote upande mmoja, na kuvuta fungu kinyume cha mikia hadi inakwama njiani. Kabla ya kuvuta, laza mikia yote ielekee nyuma. Ubaya wake mkubwa ni henza za ndani. Henza inayopita kati ya mikia huikwaruza, na siku nyingine huinasa. Boti yenye henza nne ndani, mimi siwekei tai.

Ya pili, ule mpira mweusi wa sponji unaovishwa mabomba ya AC. Ule una vitundu vilivyofungwa, haunyonyi maji. Chukua wenye nafasi ya ndani inayobana fungu kidogo, na ukuta wa mm 9 au 13. Vishia mfululizo au vipande vya sentimita 20 kila nusu mita, kila mwisho uzungushie tepu ya umeme. Waya inaendelea kugusa ukuta lakini inagusa kwa mto. Ni nyepesi, rahisi, fundi AC anakuuzia kwa mita. Henza zitaula polepole, kwa hiyo utazame kila unaposhusha mlingoti.

Ya tatu ndiyo ya kudumu: bomba la waya la PVC la mm 25, limepigwa ribiti kwenye ukuta wa mlingoti, waya zote ndani yake. Ribiti za alumini au moneli (aloi ya nikeli na shaba) za mm 4.8, tundu la mm 4.9, kila sentimita 50 au 60. Mtu wa pili asukume bomba kwa fimbo ndefu ndani likandamane na ukuta wakati unapiga ribiti, la sivyo linabaki na upenyo na umejitengenezea kelele mpya. Ukuta mm 3 na bomba mm 2 ni mm 5 za kushikwa, chagua ribiti fupi kwa unene huo, mkia mrefu utakata waya. Usipange matundu mawili kwa kimo kimoja, na usitoboe karibu na mikono. Penye taa ya katikati acha dirisha la sentimita 4 kwenye bomba kabla ya kuliingiza.

Na wenye bomba tayari, lakini mnasikia "trrrak-tak-tak" badala ya "tok" moja: ribiti zimekatika na bomba zima linapiga.

#21 Tezi_na_Omo

Vizibo viwili vya T kati ya vinne havipo. Shingo zimesafishwa, hakuna mstari. Ukazaji ulikuwa mm 1 kulia na mm 1.5 kushoto! Umepelekwa mm 3 pande zote. Vizibo vimeagizwa, kwa sasa kuna kipande cha mpira wa tyubu kimekatwa kwa umbo.

#22 Kapi_na_Roda

Safi. Mpira wa tyubu usizidi msimu, unashika maji ya chumvi.

#23 MwanaDau

Mrejesho, wakuu, baada ya wiki saba. Kamba ya kileleni na ya chini ilipunguza "tok" hadi mawimbi ya boti kubwa peke yake. Juzi kreni ilikuja kwa kazi nyingine, mlingoti ukashushwa.

Kamera ndogo ya simu ilipitishwa kwenye tundu la henza kabla ya kugusa chochote. Kumbe bomba la PVC lilikuwemo zamani: mita 4 za chini zimevunjika na kulala, ribiti tisa zimekatika, waya zimetoka nje ya bomba kuanzia kwenye mikono kwenda chini. Hapo ndipo mpini wa fagio ulipokuwa unasema. RG-213 imechubuka ganda sehemu mbili, shaba inaonekana, imebadilishwa.

Bomba jipya la mm 25 limewekwa, ribiti 23. Kwenye dirisha la taa ya katikati waya zimevishwa sponji ya AC. Kamba ya kushika uzito iko kileleni.

Swali moja limebaki. Vichwa vya ribiti vilivyokatika nilivipata saba tu kitakoni.

#24 Kapi_na_Roda

Mwaga maji ndoo nzima kutoka kileleni kabla hujausimamisha, mlingoti ukiwa umeinamishwa, na utazame tundu la chini. Maji yakitoka kwa kudondoka badala ya kumiminika, viwili vyako viko hapo.

#25 MwanaDau

Yanadondoka. Naleta waya wa kuzibulia.